Siku ya Kumi na Tisa Bila Uongo

Waliokuwa nasi Jumapili iliyopita wanakumbuka tulikomwacha Sylvance Owiti. Alikuwa amechutama katika ghorofa ya chini ya ploti ya Ebenezeri, jumba la kupanga mtaani Kware, sikio kalibandika kwenye nguzo, na fundi Okoth akigonga kwa nyundo upande wa pili. Nguzo ililia kama debe tupu.

“Toa watu,” fundi Okoth alisema. Akafunga nyundo yake kwenye gunia, akaenda zake bila hata kuaga.

Kwa aliyechelewa kujiunga: Owiti ndiye keateka, yaani mtunzaji, wa ploti hiyo. Zamani alikuwa kibarua wa kiwandani, akiishi Mukuru kwa Njenga, hadi kiwanda kilipopunguza watu naye akapunguzwa. Aliyemwokota ni Mzee Caleb Mulama, mstaafu wa reli, mkazi wa Umoja, mwenye ploti ya Ebenezeri. Mzee huyo huyo ndiye mwenyekiti wa Wanaume wa Agano, kundi la wanaume wa kanisa linalokutana kila Jumamosi asubuhi. Na ni mbele ya kundi hilo Owiti alipoinua mkono pamoja na wenzake, wakaapa kwamba kwa siku arobaini hakuna atakayesema uongo, uwe mdogo uwe mkubwa.

Jumamosi hii ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Wanaume kumi na mmoja walikaa duara kanisani kwenye viti vya plastiki, vikombe vya chai ya tangawizi mkononi. Desturi yao ilikuwa kila mmoja aseme pale ukweli ulipomshinda wiki hiyo.

Mmoja alikiri kwamba alimwambia bosi mtoto anaumwa ili akatazame mpira. Wakacheka, wakasema amina. Mwingine alikiri kwamba alimwambia mkewe simu iliisha chaji, kumbe aliizima mwenyewe. Wakacheka zaidi, wakampiga mgongoni.

Owiti aliposimama, chai yake ilikuwa imeshika utando.

“Mimi nimekuwa nikificha nyufa,” alisema.

“Nyufa gani, ndugu?” aliuliza Shiundu, katibu wa kundi, akiwa bado anatabasamu.

“Za Ebenezeri. Ile nguzo ya chini, karibu na ngazi. Mara tatu nimeipiga plasta na kupaka rangi. Wapangaji wakiniuliza, nawaambia ni rangi imekauka vibaya. Sasa fundi ameniambia nitoe watu.”

Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote viligeuka kumtazama Mzee Mulama.

Shiundu alikohoa. “Ndugu Owiti, hapa kila mtu huungama yake. Nyumba ya mwenyekiti si dhambi yako.”

“Mkono uliokanda simiti ni huu.”

“Bado. Kuna mambo ya kikao na kuna mambo ya pembeni.”

Mzee Mulama hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Owiti baridi. Mzee aliweka kikombe chini taratibu, akainuka, akaja akamkumbatia keateka wake mbele ya wote.

“Mmeona?” alisema. “Hivi ndivyo mwanamume wa agano anavyosimama. Tuombe.”

Wakaomba. Baada ya amina, Mzee alimshika Owiti kiwiko, akampeleka nyuma ya kanisa.

“Kijana wangu, mimi nimefanya kazi reli miaka thelathini na mmoja,” alianza. “Ile nyumba ndiyo miaka yangu yote. Unadhani naweza kujenga kaburi nikaliita Ebenezeri?”

“Hapana, Mzee.”

“Nguzo hiyo niliisimamia mwenyewe. Kabla zege halijamwagwa niliinama nikahesabu vyuma kwa kidole. Vinane, vinene kama kidole gumba. Nyufa ni za plasta tu. Vyuma vinane vikiwa ndani, nguzo haiendi popote. Ama wewe uliviona vikivunjika?”

Owiti aliyakwepa macho yake.

Kwa maana vyuma havikuwa vinane tena. Vilikuwa vitano.

Ilikuwa mwezi wa pili, maji yalipokataa kupanda juu na wapangaji wakaanza kupiga kelele. Mzee alimwambia atafute fundi wa bomba. Owiti, kwa kutaka kuonekana anaweza, alisema atafanya mwenyewe. Bomba jipya lilipaswa kuizunguka nguzo. Kuizunguka kungetaka viungo vinne na kutwa nzima ya kazi. Njia ya mkato ilikuwa kupita ndani.

Akachimba kwa patasi. Akakuta chuma, akakikata kwa msumeno. Nyuma yake kulikuwa na kingine, akakikata. Cha tatu kilimtoa jasho, lakini kufikia hapo alishaona aibu kurudi nyuma. Jioni maji yalipanda hadi ghorofa ya saba, na Mzee alikuja akamsifu mbele ya wapangaji wote. Owiti alikuwa ameshaziba tundu kwa simiti.

Hakumwambia mtu. Wala hakumwambia mtu kwamba bomba hilo lilianza kuvuja mle ndani, na kwamba ufa wa kwanza ulifunguka papo hapo palipolowa.

Kwa hiyo asubuhi hii alikuwa amewapa wanaume wenzake nusu ya ukweli, nao wakamkumbatia kwa nusu hiyo.

“Jumatatu nitaleta injinia,” Mzee aliendelea. “Mpaka hiyo Jumatatu, nyamaza. Kunyamaza si kusema uongo. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Mzee.”

Na Owiti akaelewa kwa furaha ya ajabu, kama mtu aliyefunguliwa kamba shingoni. Alitembea hadi Kware akijirudia maneno hayo. Kunyamaza si kusema uongo. Angenyamaza siku mbili tu. Injinia angeona mwenyewe atakachoona.

Alikuwa akipita mbele ya ngazi alipokutana na Awuor wa ghorofa ya pili, anashuka, pacha mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono.

“Baba Jacklyne, nimekutafuta. Si mke wako alituambia uliapa kanisani? Ati siku hizi hudanganyi?”

“Niliapa.”

“Basi niambie. Usiku nasikia ukuta ukilia ka mtu anatafuna karanga. Hii nyumba ni salama ama si salama?”

Owiti alifungua mdomo ili anyamaze. Lakini mtu aliyeulizwa hivyo akinyamaza, kimya chake ni jibu, na jibu lile lingekuwa la uongo. Mtoto aliyekuwa chini alikuwa akimtazama, amejaza biskuti mdomoni.

“Si salama,” alisema.

“Unasema?”

“Toa watoto, Awuor. Leo. Usingoje kesho.”

Awuor hakuuliza la pili. Aligeuka akapanda mbio, na kabla Owiti hajafika mlangoni kwake, habari zilikuwa zimeshapita ghorofa ya tano. Maji ya Ebenezeri hayajawahi kupanda kwa kasi ile.

Milango ikaanza kugongwa. Magodoro yakashuka. Beseni, mitungi ya gesi, runinga iliyofungwa kwa shuka.

“Nani amesema?”

“Keateka mwenyewe.”

“Keateka si ndiye alisema ni rangi?”

“Ndio huyo. Sasa ameokoka.”

“Mimi nimetoka shifti ya usiku, mwanangu. Nahamia wapi saa hii? Ikianguka iniamshe.”

Phelister, mkewe Owiti, alikuwa amesimama katikati ya chumba chao cha ghorofa ya chini, mwiko mkononi.

“Baba Jacklyne, umefanya nini? Hii nyumba si ndiyo inatulisha? Mzee akisikia tutalala wapi?”

“Mama Jacklyne, keti.”

“Siketi. Sema.”

Akamwambia. Bomba, patasi, msumeno, chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwake, na yalipotoka yalionekana madogo, kama hadithi ya kijinga ya mtu mvivu.

Phelister aliweka mwiko chini. Akaenda akafunga mlango.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe na Mungu.”

“Basi ibaki hivyo hivyo. Umesikia? Umeshawaambia watoke, inatosha. Watatoka. Hiyo ingine ukiisema, ni jela, Sylvance. Jacklyne ako darasa la nne. Nitamwambia baba yake ako wapi?”

Phelister hakuwa na mazoea ya kumwita jina lake. Alipomwita hivyo, Owiti alijua mkewe ameogopa kweli.

“Itabaki hivyo,” alimjibu. Na hapo hapo akajiuliza kama huo nao ni uongo.

Saa nane mchana kulisikika kuimba.

Walikuwa Wanaume wa Agano, wote kumi bila Owiti, fulana zao za bluu zimenyooshwa pasi, wakija kwa miguu kutoka barabarani huku wakipiga makofi, wake zao wakifuata nyuma. Mbele yao Mzee Mulama alikuwa akisukuma kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikuwamo mama yake mzazi, ajuza wa miaka themanini na nne, ambaye mtaa mzima ulimwita Kukhu, yaani nyanya, kama wajukuu zake Waluhya walivyomwita. Miguuni pake kulikuwa na blanketi na jagi lake la chai.

Wapangaji waliacha kufunga mizigo. Wengine waliketi juu ya magodoro yao njiani, wakitazama.

“Wapangaji wangu,” Mzee alisema, na wimbo ukakoma. “Mmetishwa. Siwalaumu. Lakini mimi niliijenga nyumba hii kwa macho yangu, na mimi sisemi kitu nikageuka. Leo hii nalala hapa, chumba cha chini, mgongo wangu kwenye nguzo hiyo mnayoiogopa. Na mama yangu huyu aliyenizaa atalala ghorofa ya kwanza. Kuna mtu hapa ambaye angemlaza mama yake ndani ya kaburi?”

Mwanamke mmoja akasema, “Hapo amesema kweli.”

Wanaume wanne wakambeba Kukhu na kiti chake, wakapanda naye. Ajuza alikuwa akicheka kama msichana. “Msiniangushe, nyinyi vijana!”

Hiyo ilitosha. Godoro la kwanza likainuliwa, likarudi ndani. Likafuata la pili. Yule wa shifti ya usiku alipita akipiga miayo: “Si nilisema?”

Awuor alisimama mbele ya Owiti, beseni la nguo kichwani.

“Sasa nimwamini nani?” aliuliza. “Wewe ulinidanganya mara tatu na ukasema kweli mara moja. Yeye amemleta mama yake.”

Awuor akamsubiri kidogo, kisha akawashika pacha wake, akaanza kupanda ngazi nao.

Mle ndani wanaume walikuwa wameizunguka nguzo, kila mmoja ameiwekea mkono. Shiundu aliongoza maombi kwa sauti kubwa, akimkemea adui anayetia hofu mioyoni mwa watu. Mzee Mulama aliegemeza kiganja chake chote juu ya ile plasta mpya.

Maombi yalipokwisha, aliondoa mkono, akautazama. Ulikuwa umelowa. Akaupangusa kwenye fulana, akaugusa ukuta tena, ukarudi umelowa tena.

Phelister alikuwa mlangoni. Alimwona mumewe akivuta pumzi, akatikisa kichwa: usiseme. Usiseme.

“Mzee,” Owiti alisema. “Vyuma si vinane.”

“Nini?”

“Ni vitano. Mimi nilikata vitatu mwezi wa pili, nikapitisha bomba ndani ya nguzo. Bomba linavuja. Asubuhi sikusema. Nilisema nyufa, sikusema ni mimi niliyezileta.”

Phelister alifunika uso kwa leso.

Mzee alionekana kama mtu anayehesabu upya jambo alilokuwa ameshalimaliza.

“Mwezi wa pili,” alisema. “Ile siku nilikusifu.”

“Siku hiyo, Mzee.”

“Na leo umeniacha nikampeleka mama yangu juu.”

Owiti alipiga magoti, lakini Mzee hakumtazama tena. Aligeukia mlango, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mwenyekiti wa kikao. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kusimamisha treni.

“Toeni watu! Wote! Acheni vitu! Watoto kwanza!”

Wanaume wa Agano walikimbia. Tuwape haki yao: siku hiyo walifanya kazi. Walipiga milango kwa mateke, wakabeba watoto wawili wawili, wakamwamsha yule wa shifti ya usiku kwa kumburuta na shuka lake. Phelister na Awuor ndio waliomteremsha Kukhu, mmoja kashika mabega, mwingine miguu, ajuza akilalamika kwamba chai yake imebaki. Haikupita nusu saa, ghorofa zote saba zikawa tupu, na barabara ikajaa watu wenye kandambili mguu mmoja.

Owiti alipanda mwenyewe hadi ghorofa ya saba kuhakikisha, akiita kila chumba. Hakuna aliyeitika. Alishuka mbio, akiwa na wazo moja tu la kwenda kumtafuta Jacklyne katika umati.

Kufika chini, akasimama ghafla.

Mzee Mulama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo wake umeegemea nguzo, miguu ameinyoosha kama mtu anayepumzika baada ya kulima. Wanaume wa Agano walikuwa wamesimama mbele yake, wakihema, fulana zimechafuka vumbi.

“Mzee, watu wote wametoka,” Owiti alisema. “Twende.”

“Nilisema nitalala hapa.”

“Ulisema kabla hujajua.”

“Tulipoapa, kuna aliyeapa ‘isipokuwa nikijua’?” Mzee aliuliza kwa upole ule ule wa asubuhi. “Nimesema mbele ya watu mia mbili kwamba nitalala hapa. Nikitoka, nimewadanganya. Wewe umetimiza lako leo, Owiti. Niache nitimize langu.”

“Mwenyekiti,” Shiundu alisema. “Mungu hapendi mtu ajiue.”

“Sijiui. Naketi nyumbani kwangu. Wewe nenda, Shiundu. Hakuna aliyekufunga.”

Shiundu aliutazama mlango. Ulikuwa hatua kumi tu. Kisha akawatazama wenzake, nao walikuwa wakimtazama yeye. Kila mmoja alikuwa akingoja mwingine awe wa kwanza kuondoka, na hakuna aliyetaka jina hilo.

Shiundu akaketi.

Akaketi wa pili. Akaketi wa tatu, yule aliyemdanganya bosi kuhusu mpira. Walijipanga chini mmoja mmoja hadi duara likakamilika, kama vile asubuhi tu, pasipo viti wala chai.

Kutoka barabarani sauti nyembamba ya ajuza iliita. “Caleb! Caleb wee! Toka huko!”

Mzee Mulama alifumba macho.

“Caleb! Mimi mama yako nakuita!”

Ndani ya nguzo kitu kililia, mlio mfupi, mkavu. Vumbi jembamba liliteremka kutoka darini, likatua juu ya mabega ya Shiundu. Hakulifuta. Nje wanawake waliusikia mlio huo, wakapiga mayowe, na mayowe yakaanza kusogea karibu. Wake zao walikuwa wakija kuwatoa kwa nguvu.

“Wasiingie,” Mzee alisema, macho bado yamefumbwa. “Wakiingia watakufa bure. Owiti, wewe ndiye mwenye funguo. Funga geti.”

Owiti alisogea hadi getini. Nje, mbele ya wanawake wote, Phelister alikuwa akikimbia, leso imemdondoka, akimwita Owiti kwa jina lake la kubatizwa.

“Nifunge nikiwa upande gani, Mzee?” aliuliza bila kugeuka.

“Hilo ni lako.”

Owiti alitoa kufuli mfukoni. Phelister alikuwa amebakiza hatua tano.